Barua kwa mwanangu: maharage na chungu cha umeme

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kwa nini maharage mekundu uliyoyaacha kutwa nzima kwenye chungu cha umeme, kile cha kupika polepole kwa saa nyingi, yaliwatapisha wewe na mwenzako, na yalikuwa laini kabisa. Tena ukauliza upike nini wiki hizi za zamu ndefu.

Naanza na maharage, maana hapo ndipo penye hatari. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, fitohemaglutinini, na kinachoiua ni maji yanayochemka kwelikweli. Chungu kikiwa kwenye moto mdogo kinaweza kuishia nyuzi 80 hivi. Kwa joto hilo maharage yanalainika lakini sumu inabaki, na inaweza hata kuzidi ukali. Kwa hiyo ulaini si dalili kwamba yako salama. Punje nne au tano tu zinatosha kumtapisha mtu mzima, na kutapika saa moja hadi tatu baada ya kula, kama ulivyonieleza, ndiyo dalili yake.

Usiyaache maharage, yapike hivi. Loweka nusu kilo usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Tia maji mapya kwenye sufuria ya kawaida jikoni, yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, dakika 10 kwa uchache. Mimi nasema 30 ili moyo utulie. Hapo ndipo uyahamishie kwenye chungu pamoja na maji ya moto yanayoyafunika kwa sentimita tatu. Moto mdogo, saa saba au nane. Nyanya na ndimu zisiingie mwanzoni, kwa sababu uchachu unayafanya maharage yakawie kulainika. Ukirudi, kaanga vitunguu viwili, nyanya tatu na karoti, mimina ndani, halafu tia tui, mililita 400, nusu saa ya mwisho. Tui likikaa humo kutwa linakatika na kuacha mafuta juu. Siku ambayo hukuloweka, fungua ya kopo, hayo yameshapikwa. Dengu hazina shida hii.

Kwa siku ya zamu, bora nyama. Nunua kilo moja ya mguu wa ng'ombe, ile yenye kano nyeupe ambayo wengi wanaikimbia. Kano hizo ndizo zinazoyeyuka polepole na kuufanya mchuzi uwe mzito. Steki isiyo na mafuta itatoka kavu, ikichambuka kama nyuzi. Kata vipande vya sentimita nne, menya viazi vinne na karoti tatu, katakata vitunguu, nyanya, tangawizi na swaumu. Yote hayo usiku, robo saa tu. Weka nyama kwenye friji, kwenye chombo chake, mbali na mboga. Chungu chenyewe kisilale kwenye friji: kikiwa baridi kinachelewa kupata joto, na bakuli lake la ndani, lile la udongo, linaweza kupasuka.

Asubuhi panga viazi na karoti chini, nyama juu. Usishangae, kwenye chungu hiki viazi huiva baada ya nyama, kwa hiyo vikae karibu na moto. Ukipata dakika tano, ibabue nyama kwenye kikaango kwanza, rangi na harufu vitoke hapo. Maji kikombe kimoja tu, maana mvuke hautoki. Ukitia kama unavyotia kwenye sufuria utapata supu badala ya mchuzi. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, utaongeza baadaye. Chungu kijae nusu hadi theluthi mbili, si zaidi.

Kwa kuwa unakuwa nje saa 13, weka saa tisa za moto mdogo, kisha kijigeuze chenyewe kwenye hali ya kutunza joto kwa hizo nne zilizobaki. Usitumie kitufe cha kuchelewesha kuanza. Nyama mbichi haitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili. Nyama iliyoganda nayo usiitie, itakaa saa nyingi kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Ihamishie kwenye friji siku moja kabla. Ukiwa nyumbani, usifunue mfuniko kila mara kuchungulia, joto linalotoka linakuongezea hata nusu saa.

Umeme ukikatika wakati haupo na hujui ulikatika saa ngapi, mwaga. Najua inauma kumwaga kilo ya nyama, lakini mwaga.

Kinachobaki kigawe kwenye vibakuli vya kina kifupi ndani ya saa mbili, uweke friji, ukile ndani ya siku tatu. Kupasha moto tumia sufuria mpaka kichemke. Chungu kinachelewa mno kupata joto kwa kazi hiyo.

Mama yako