Mnaosema vita ya mashariki mwa Kongo ni ukabila tu, hebu tuongee

Mkuu umeuliza iweje waasi wa M23 walipigwa wakaisha 2013 halafu 2025 wabebe Goma na Bukavu kirahisi vile, na wengi wamekujibu ni Wahutu na Watutsi, basi imeisha. Ukabila upo, sikatai, na wauaji wa 1994 wa Rwanda kweli walikimbilia kule na mabaki yao, kundi la waasi wa Kihutu la FDLR, wapo mpaka leo. Ila makabila ni yaleyale 2013 na 2025, kwa hiyo kilichobadilika ni kitu kingine. Mimi nipo Dodoma, nimeendesha semi kwenda Kongo miaka mingi kwa njia zote mbili, na ukizijua hizo njia mbili utaelewa haraka.

Ya kwanza ni hii inayopita hapa kwetu, Dar, Moro, Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, Rusumo, unapita Kigali unatokea Goma. Ya pili unashuka Tunduma, unaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, Lubumbashi, Kolwezi. Humu kuna watu wanachanganya koltani (madini ya vifaa vya elektroniki) na kobalti (madini ya betri) kama vile ni mgodi mmoja. Kobalti na shaba ziko Katanga, kusini mwa Kongo, hiyo njia ya Tunduma, na Kongo peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Kule M23 hawapo. Aliyekamata migodi mingi mikubwa ni Mchina, hata mgodi wa Tenke Fungurume ulikuwa ya Wamarekani wa Freeport-McMoRan wakawauzia CMOC ya China 2016 kwa dola bilioni 2.65, na sasa Marekani hiyohiyo inahangaika kurudi. Kivu, huko mashariki kwenye Goma na Bukavu, ni habari nyingine, kule ni koltani, bati na dhahabu, watu wengi wanachimba kwa sururu na koleo, mzigo unabebwa mgongoni. Rubaya pale Masisi inasemekana inatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, M23 waliishika Aprili 2024 na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti wanavuna kodi ya kama dola 800,000 kila mwezi.

Sasa rudi 2012. M23 waliingia Goma Novemba mwaka ule. Mwaka uleule wafadhili waliikatia Rwanda misaada, Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Marekani, na Obama mwenyewe akampigia simu Rais Kagame wa Rwanda. Kigali wamekana siku zote kwamba wanawasaidia M23, ila bajeti yao wakati ule ilikuwa inategemea sana hela za nje na walibanwa kweli. Ndipo 2013 ikaja brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake Mtanzania, Jenerali Mwakibolwa, na kufika Novemba M23 wameisha. Vijana wetu walipigana kiume, hilo halina mjadala, ila walimpiga adui ambaye tayari alishabanwa kwa nyuma.

Miaka kumi baadaye angalia hali ilivyo. Wanajeshi wa Rwanda walikwenda Cabo Delgado, Msumbiji, 2021, kulekule kwenye gesi ya TotalEnergies ya Ufaransa, na Ulaya ikachangia gharama zao. Februari 2024, ripoti za Umoja wa Mataifa zishasema askari wa Rwanda wako ndani ya Kivu, Umoja wa Ulaya unasaini na Rwanda makubaliano ya madini, maana wanatafuta madini yasiyopita kwa Mchina. Sasa wewe mtu unamhitaji alinde gesi yako na akuuzie madini, utambana vipi? Vikwazo vya maana vimekuja Februari na Machi 2025, Marekani kwa Kabarebe, waziri wa Rwanda, Ulaya kwa kiwanda cha dhahabu cha Gasabo cha hapo Kigali, wakati Goma ilishaanguka Januari 27.

Siku ile mimi nilikuwa Kigali na mzigo wa Goma. Tajiri akapiga simu tusubiri, tukasubiri, mwisho tukashusha bohari palepale Kigali, maana benki za Goma zimefungwa na uwanja wa ndege umefungwa na mwenye mzigo hela yake iko ndani ya benki haitoki. Yule mama alikuwa analia kwenye simu, mtaji wa miaka yote. Tangu hapo safari za Goma kwetu zikapungua kabisa na madereva wengi tukahamia Tunduma, nako mwezi uliofuata Kinshasa wakazuia kobalti isitoke ili bei ipande, unashusha Kolwezi halafu mzigo wa kurudi nao unausotea.

Halafu ndio ikaja hili linaloniuma zaidi. Rais Tshisekedi wa Kongo akawaambia Wamarekani njooni mchukue madini mtupe usalama. Juni 27, 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda wakasaini makubaliano ya amani Washington, Desemba 4 wakasaini marais wenyewe mbele ya Trump, na siku ileile Kongo na Marekani wakasaini ya madini. Wiki haijaisha M23 wako Uvira, pua kwa pua na Bujumbura ya Burundi! Marekani ikakasirika hadharani, na ndani ya siku chache M23 wakatangaza wanaondoka Uvira. Hapo ndio mjue breki ya hii vita anaikanyaga nani.

Na mtazame pesa ya miundombinu inakoelekea. Marekani na Ulaya wanaweka kwenye reli ya Lobito, Angola, Mchina kasaini kuifufua Tazara yetu kwa dola bilioni 1.4, na zote mbili zinalenga shaba na kobalti ya Katanga. Hakuna hata moja inayokwenda Kivu. Mtu wa Masisi anakimbia na godoro kichwani, halafu kinachotolewa ili vita iishe ni madini ya nchi nzima, na faida inapakiwa mbali na kwake.

Kwa hiyo lile swali lako la pili, kama JWTZ warudi, mimi nasema hapana, si kwa hali hii. Kikosi cha SADC kilichokwenda mwisho wa 2023 kiliachwa bila ndege na bila mtu wa kumbana adui kwa nyuma, vijana wetu na wa Afrika Kusini na Malawi wakafia pale, Machi 2025 kikavunjwa. Kwanza Ulaya wayafute yale makubaliano ya madini na wanunuzi wa dhahabu na koltani ya Kigali wabanwe kweli kweli, kama Rwanda yenyewe ilivyobanwa 2012. Baada ya hapo ndio tuongee habari ya kupeleka watoto wa watu.