Jibu: Mama kaambiwa moyo umetanuka, kapata nafuu, anataka kuacha dawa

Mtoa mada, pole na mama. Umesema yuko Makambako, kala vidonge mwezi mmoja, uvimbe wa miguu umeisha, sasa anasema kapona na kliniki ya Dar haendi. Mimi si daktari. Namuuguza mzee wangu hapa Uyole, Mbeya, mwaka wa sita huu, na alipo mama yako leo mzee alishapapitia.

Ya kwake ilianza na kikohozi cha usiku. Akilala chali anashtuka anahema, anakwenda kukaa dirishani na baridi yote hii ya kwetu. Mto mmoja ukawa miwili, ikawa mitatu, mwishowe analala amekaa kwenye kochi. Zahanati moja ilimchoma sindano za nimonia karibu wiki mbili. Shangazi akasema katupiwa kitu kwa ajili ya shamba la viazi. Na miguu ukiibonyeza kwenye ugoko, shimo la kidole linabaki. Tulipofika Hospitali ya Rufaa ya Kanda wakampima eko, ile ultrasound ya moyo: kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu iliyomo, wakati wa mtu mwenye afya ni kuanzia 55 hivi. Chanzo presha, ambayo miaka minane alikuwa akiinywea dawa siku kichwa kikimuuma tu.

Fikiria mpira wa manati uliovutwa miaka na miaka, umelegea, jiwe haliendi mbali. Damu isiposukumwa vizuri, maji yanajaa mapafuni na miguuni. Lasix inayatoa hayo maji kwa njia ya mkojo, ndiyo maana mama anajiona mzima. Ila Lasix haiutengenezi moyo. Wanaoupunguzia mzigo ni kina enalaprili na kavediloli, na hao wanafanya kazi kimyakimya kwa miezi. Husikii chochote ukimeza, kwa hiyo ndio wa kwanza kuachwa. Mzee aliacha zote mvua za kwanza zilipoanza, kulima kumenoga. Wiki ya tatu tulimpakia kwenye bajaji saa nane usiku, anatoa povu la waridi mdomoni. Sitaki kuliona tena.

Aliporudi nyumbani nilinunua mizani Mwanjelwa. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, anapanda, namba inaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake. Ikipanda kilo mbili ndani ya siku tatu tunapiga simu kliniki, hata kama miguu haijavimba. Mlango umetuokoa mara mbili.

Chumvi tulijidanganya sana. Tulipunguza ya mezani, kumbe mama yangu anaweka magadi kwenye maharage kila siku ili yaive upesi. Magadi nayo ni sodiamu, mwili unashika maji vilevile. Siku hizi maharage yanalowekwa usiku kucha.

Jambo jingine ambalo hatukuambiwa mapema: diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Mzee alikuwa anainunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, na kila akiinywa siku kadhaa mizani inapanda. Daktari aliposikia alishika kichwa. Muulize mama yako anameza nini cha mgongo au magoti, maana wazee hawaihesabu kama dawa.

Kuhusu kutupiwa, kama majirani wanasema hivyo kwa mama yako, usigombane nao. Mimi nilimwambia shangazi aendelee na maombi, vidonge viendelee navyo.

Sasa hiyo safari. Nina wasiwasi kinachomkwamisha mama yako si kupona, ni basi. Mzee wangu alikuwa anaruka Lasix siku ya safari akiogopa kumsumbua konda, na haya ya kusema anayo. Tulipouliza, daktari wake akamruhusu siku hiyo aimeze akishafika, nyingine zote asubuhi kama kawaida. Kwa mama, muulizeni wa kwake kabla ya kukata tiketi. Mkatieni kiti cha karibu na mlango, umnong'oneze konda mapema. Kuchimba dawa, yaani kukojoa njiani, hata Ruaha Mbuyuni wanasimama.