Kaolini au bentonaiti? Chungulia kwenye 3,600 huko
Mkuu umeuliza kama kipimo cha infraredi (mwanga usioonekana unaopitishwa kwenye sampuli) peke yake kinatosha kujua udongo wako wa mfinyanzi ni kaolinaiti (madini makuu ya kaolini) au montimorilonaiti (madini makuu ya bentonaiti), mara nyingi kinatosha, we angalia kwenye grafu kati ya mawimbi 3,600 na 3,700 kwa sentimita, kaolinaiti kama ile ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, inatoa vilele vinne, 3,695, 3,670, 3,652 na 3,620, hizo ni bondi za OH (oksijeni na hidrojeni) zinatikisika. Montimorilonaiti utaona kimoja kipana karibu na 3,620 halafu bonge la kilele cha maji kwenye 3,400 hivi. Ila kausha poda ya KBr (chumvi ya potasiamu bromidi unayochanganya na sampuli) vizuri aisee, inanyonya unyevu balaa, utadhani maji ya udongo kumbe ya hewani. Ukiona vilele pacha 798 na 779 ujue mchanga umo, hiyo kwatsi.