Punda milia wa Rusinga walivuka vipi?

SWALI: Habari mhariri, mimi niko Mbita. Juzi mgeni mmoja anayechimba mifupa ya kale alituambia eti kisiwani Rusinga walipata mifupa ya choroa na yule punda milia wa mistari myembamba wa kule Samburu. Hao si wanyama wa ukame? Walifikaje kisiwani, waliogelea?

JIBU: Hahaha, hapana ndugu yangu, walitembea tu, maana enzi hizo hapakuwa kisiwa. Ziwa Victoria lisikutishe na ule upana, penye kina kabisa ni kama mita 80 hivi, na maji yake mengi ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo mvua ikigoma miaka na miaka linanywea. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka kabisa, waliotoboa tope la chini wakakuta udongo wa nchi kavu na vimizizi ndani yake. Hiyo mifupa ya Rusinga ni ya zamani zaidi, imepita miaka 30,000, ila mambo ni yaleyale: ukame, maji yanarudi nyuma, nyasi zinachukua nafasi.

Na si nyasi zozote. Kuna zile za ukoo wa mahindi, mtama na miwa, hizi zinabana hewa ya ukaa ndani ya jani, hivyo zinafungua vitundu vyake kidogo tu na maji hayapotei ovyo. Zama za barafu hewa hiyo ilishuka hadi kama sehemu 190 kwa milioni (leo imepita 420), miti ikateseka, zenyewe zikatamba. Mlima Kenya zilipanda hadi karibu na Sacred Lake, ziwa dogo la mlimani lililo mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, ambako leo ni msitu mtupu!

Wanajuaje? Kaboni ya nyasi hizi ina alama yake na mnyama akizila inabaki kwenye meno, ukisaga kipande kidogo cha jino unajua alikula nini. Mvua ziliporudi ziwa likajaa, miti nayo ikarudi. Punda milia huyo bado yuko kaskazini. Ila mwenzake wa hapohapo Rusinga, Rusingoryx, jamaa wa nyumbu mwenye pua iliyovimba kama tarumbeta, yeye aliisha kabisa.