Antena ya redio koli kwenye paa la faiba

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser ya watalii hapa Arusha, paa lake ni la faiba. Tumefunga juu antena ya robo wimbi (fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi la redio) kwa ajili ya redio koli, masafa yetu ni 155 MHz. Mita ya SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena (1 ndiyo safi kabisa), inasoma 3 na haishuki, ingawa kijana wa gereji ameshaikata ncha mara mbili. Wenzangu nawasikia vizuri, wao hawanipati. Tukate tena?

Jibu: Marahaba. Msikate tena. Antena ya robo wimbi haifanyi kazi peke yake, inategemea bati lililo chini yake, na faiba si bati. SWR ikiwa 3, robo ya nguvu inarudi kwenye redio, na redio nyingi zikihisi hivyo hujipunguzia nguvu zisiungue. Ndiyo maana unasikia lakini husikiki.

Njia rahisi ni kuihamishia kando ya boneti kwa breketi ya chuma. Kwangua rangi hapo mpaka chuma king'ae, kisha pima kwa multimita kati ya kitako cha antena na hasi ya betri: isome karibu na sifuri. Ukitaka ibaki juu, bandika bati la alumini chini ya faiba, nusu mita kila upande, liguse kitako. Au nunua antena ya nusu wimbi, ambayo haidai bati. Kwa paa la kufunguka mimi ningechukua hiyo, mradi bawaba zisibane kebo.

Ukibaki na robo wimbi, anza na fimbo mpya, maana hiyo yenu huenda imeshakuwa fupi. Kwa 155 MHz urefu ni kama sentimita 46; iache ndefu kidogo. Egesha mahali pa wazi, funga milango, weka nguvu ndogo, upime kwenye masafa ya chini na ya juu ya leseni yenu ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) tu. SWR ikiwa ndogo kwenye masafa ya chini, antena ni ndefu. Ikiwa ndogo kwenye ya juu, ni fupi. Masafa yenu yakikaribiana mno tofauti haitaonekana, hapo azima analaiza ya antena, kifaa kinachoonyesha antena imekaa kwenye masafa gani. Milimita 3 husogeza karibu MHz 1, kwa hiyo kata kidogo kidogo. Ikifika 1.5 acha: inayorudi ni asilimia 4 tu, na kuhangaikia 1.1 ni kutafuta sifa.

Na atakayekwambia ufupishe kebo ili SWR ishuke, mkatalie. Kebo inaweza kubadilisha kinachosomwa na mita, antena ikabaki mbovu vilevile.