Baruti ya .223 Remington: Ninavyoichagua kwa Ajili ya Shabaha

Wengi wanaoanza kujijazia (kujiundia wenyewe nyumbani) risasi za raifo ya kaliba ndogo huuliza kwanza ni baruti ipi inayotoa mwendo wa kasi kuliko zote. Kwa muda wote ambao nimekuwa nikilenga shabaha kwa .223 Remington, aina ya risasi ndogo ya raifo, hapa Arizona, nimeona kuwa swali hilo ndilo linalowafanya wanunue baruti isiyowafaa. Karatasi ya shabaha haijali kasi. Inajali kama risasi ya tano imetoka mtutuni sawasawa na ya kwanza, na baruti nzuri ni ile inayokuwezesha kulirudia jambo lilelile bila kuyumba.

Kabla ya kugusa kopo la baruti, tazama mtutu wako. Mtutu ambao mifuo yake (michirizi ya ndani inayoizungusha risasi) huzunguka mara moja katika kila inchi 12 hupenda vichwa vyepesi, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, vya takriban greni 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kushuka chini, ilhali wenye mzunguko wa inchi 8 au 7 huvimudu vizuri vichwa virefu vya greni 69 hadi 77. Uzito wa kichwa ndio unaoamua baruti. Kichwa kizito hukawia kuondoka, kwa hiyo baruti inayoungua upesi hupandisha shinikizo kabla hakijasogea vya kutosha; kichwa chepesi nacho, kikisukumwa na baruti ya polepole mno, hutangulia kabla shinikizo halijajengeka, na baruti huungua vibaya, mara hivi mara vile. Ndiyo maana kwa vichwa vya greni 50 hadi 55 watu hutumia H322, Benchmark, H335 au N133 ya Vihtavuori kutoka Ufini, na kwa vile vya greni 69 na kuendelea hugeukia Varget, Reloder 15 au N140.

Katika orodha hiyo, mimi huanza na baruti inayokaribia kulijaza ganda kwa kipimo kinachoruhusiwa na kitabu cha vipimo cha mtengenezaji. Nafasi tupu ikiwa kubwa ndani ya ganda, baruti hulala mbele au nyuma kutegemea jinsi ulivyoinua bunduki, na moto wa fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) huikuta kila mara mahali tofauti. Ganda lililojaa vizuri huondoa mashaka hayo, tena lina faida ya usalama: ukisahau na kumimina mara ya pili, baruti itamwagika mezani na utaiona.

Umbo la chembe lina uzito wake pia. H335 ni ya chembe za mviringo, nayo hupita katika kipimio (kifaa cha kumiminia baruti) kama mchanga mkavu, kila mmimino ukilingana na uliotangulia. Anayejaza risasi nyingi kwa siku moja ataipenda. Varget na N133 ni vijiti vifupi ambavyo hukwama na kukatwakatwa ndani ya kipimio, kwa hiyo mimi humimina pungufu kidogo, kisha hukamilisha kwa mkono juu ya mizani. Kazi hiyo inachosha, lakini katika ganda dogo kama hili ina maana: tofauti ya sehemu moja ya kumi ya greni, ambayo ganda kubwa la .30-06 halitaihisi sana, hapa ni sehemu kubwa zaidi ya baruti yote.

Jambo ambalo ningependa kila mpigaji wa huku alipe uzito zaidi ni joto. Mchana wa kiangazi karibu na Phoenix hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na asubuhi ya Januari kule Flagstaff maji huganda. Baruti nyingi za chembe za mviringo hubadilika kasi zaidi kwa joto kuliko Varget na nduguze, ambazo zilitengenezwa mahsusi ili zistahimili mabadiliko hayo. Mtu akitafuta kipimo chake cha juu siku ya baridi, kisha akaziacha risasi hizo juu ya meza yenye jua kali mwezi wa Julai, shinikizo linaweza kuvuka mpaka hata kama mizani yake haikukosea hata chembe. Kwa sababu hiyo, kwa bunduki itakayotumika majira yote, mimi huchagua Varget na kukubali usumbufu wa vijiti vyake.

Katika kujaribu, anza na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa katika kitabu cha sasa cha mtengenezaji, kwa kichwa na fataki zilizotajwa humo, kisha ongeza kidogo kidogo huku ukikagua fataki na maganda kuona dalili za shinikizo kubwa mno. Usidanganywe na majina: H4198 na IMR 4198 zina namba moja lakini ni baruti mbili, na kipimo cha moja si cha nyingine. Liwepo kopo moja tu mezani, na usichanganye baruti kamwe. Usiamini pia kundi la matundu matatu yaliyogusana, kwani bahati inaweza kulileta. Piga makundi kadhaa ya risasi tano kwa siku tofauti. Yadi 100 huficha tofauti za kasi, hivyo kama unakusudia yadi 300 au zaidi, tumia kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, maana huko risasi ya polepole hutua chini ya wenzake.

Baruti ikishathibitika, mimi hununua kopo la pauni 8 badala ya makopo madogo ya pauni moja, ili baruti yote iwe ya toleo moja, yaani iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Toleo jipya la jina lilelile linaweza kuungua tofauti kidogo, kwa hiyo namba ya toleo naiandika katika daftari kando ya kila kipimo, na kopo jipya likifunguliwa narudi chini ya kipimo changu na kupanda upya.