"Unatoka" Mombasa, lakini uasili wake ni wapi?

Swali: Navusha mchele na sabuni mpakani Namanga. Nasikia "nchi unakotoka", "chanzo", "chimbuko", "asili", "uasili" na "uasilia". Je, yote ni mamoja?

Jibu: La, si mamoja. Ukiyachanganya forodhani unaweza kulipa ushuru usiokuhusu, au kutia sahihi tamko lisilo kweli.

Kitenzi kutoka ni cha safari. Mchele uliovunwa Pakistan, ukashushwa bandarini Mombasa na kupakiwa lori la Arusha, unatoka Mombasa. Kilugha hapo hakuna kosa. Uasili wake, hata hivyo, ni Pakistan, hata ukilala ghalani mwaka mzima. Ukiutia kwenye mifuko ya kilo 5 yenye nembo yako, bado ni wa Pakistan, kwa sababu Kanuni za Uasili wa Bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazihesabu kufungasha na kubandika lebo kuwa uzalishaji. Basi sema "umefungashwa Mombasa", usiseme "umezalishwa".

Chanzo ni pale jambo linapoanzia au kinacholisababisha: chanzo cha mto, chanzo cha ugomvi. Tuliache huko. Chimbuko ni la historia. Chimbuko la mahindi ni Mexico, ila mahindi yaliyovunwa Songea uasili wake ni Tanzania.

Asili ndiyo mzizi wa neno tunalolitaka, lakini "bidhaa za asili" humpeleka msikilizaji kwenye dawa za miti shamba na vyakula vya kienyeji. Kiambishi u- kinatuondolea utata huo: uasili ni hali ya bidhaa kutambuliwa kisheria kuwa ni ya nchi fulani. Wapo wanaoandika "uasilia". Mimi napendelea uasili, kwa kuwa asilia tumekwisha kuipa kazi ya vitu visivyotengenezwa na binadamu, kama gesi asilia. Neno halina wingi: uasili wa bidhaa moja, uasili wa bidhaa mia.

Katika kanuni hizo za uasili hata kiunganishi kina uzito. Mnyama hai ni wa nchi mwanachama akiwa amezaliwa na kukuzwa humo. Ukiandika "au", ndama aliyenunuliwa nje ya Jumuiya naye anaingia.

Penye makosa mengi zaidi ni kwenye malighafi. Kwa bidhaa nyingi za viwandani, kigezo ni kwamba thamani ya malighafi zisizo na uasili isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Watu hufupisha wakasema "malighafi za nje", na ufupisho huo unaumiza. Tuseme sabuni yako inapimwa kwa kigezo hicho, na mche mmoja unauzwa shilingi 1,000 kiwandani Arusha. Ndani yake mna mawese ya Malaysia ya shilingi 450, kostiki ya China ya 150, na mafuta ya alizeti yaliyozalishwa Uganda ya 200. Ukihesabu "za nje" unapata 800, yaani asilimia 80, na unakata tamaa. Lakini mafuta ya Uganda, yakiwa na cheti chake cha uasili, yana uasili wa Jumuiya. Hayamo kwenye hesabu. Zisizo na uasili ni 600 tu, asilimia 60, na sabuni inapita.

Angalia pia kwamba tumesema bei, hatukusema gharama. Bei ya kiwandani ina faida yako ndani, ila haina nauli ya kumfikishia mteja. Anayegawanya kwa gharama hupata asilimia kubwa kuliko ilivyo na kujifungia mlango mwenyewe.

Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ulio katika orodha iliyokubaliwa, uliza Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa. Hutolewa hapo hapo mpakani. Na usiseme kinakuondolea "kodi". Kinaondoa ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani, kama bidhaa yako inatozwa, utaidaiwa vilevile, kwa hiyo vuka ukiwa na fedha yake mkononi.